Mkono Usiotia Saini

Tulimwacha mama jikoni, ghorofa ya tatu, saa mbili kasorobo asubuhi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umesukumizwa kwenye upenyo wa mlango, pale penye bawaba, na mwanamume aliyeushika mlango huo alikuwa akihesabu.

"Moja."

Mwanamume mwenyewe ni mumewe. Kazi yake ni kutenganisha nyama na mifupa kiwandani, na wenzake wamembandika jina la Mifupa. Jina limemkaa kama kiatu cha kupimiwa.

Mezani palikuwa na fomu moja na kalamu moja. Fomu ya kumbadilisha mtoto jina la ukoo: litoke la baba mzazi, liingie la baba wa kambo. Kila mstari ulikuwa umejazwa. Ulibaki mmoja tu, wa saini ya mama.

"Mbili. Shukuru nimechukua wa kushoto. Wa kulia tuna kazi nao."

"Niue basi, umalize."

"Nikuue halafu nani atie saini?" Mifupa alicheka. "Juzi nimekuta begi chini ya kitanda. Nguo zako na za mtoto, zimekunjwa vizuri kama za hotelini kwako. Unataka kunikimbia. Kimbia! Lakini mtoto akishabeba jina langu, siku utakayotoka naye mlango huu polisi watakutafuta kwa wizi wa mtoto wa watu. Utaondoka peke yako, bibie. Mikono mitupu kama ulivyozaliwa. Ta—"

Shika gazeti vizuri, msomaji.

Mama aliuchomoa mkono wa kushoto. Akauchomeka wa kulia.

Mwenyewe! Kwa hiari yake!

Na mlango ulikuwa umeshakuja.

Vidole vitatu vililia kama kuni kavu. Mama hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni binti yake, aliyekuwa amesimama kwenye ujia na begi la shule mgongoni.

Mifupa aliutazama mkono. Akaitazama fomu. Akautazama tena mkono.

"Mwanamke, umefanya nini?"

"Mkono uliovunjika hautii saini," mama alisema, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. "Jina lako kaandike kwingine."

Kofi la nyuma ya mkono lilimrusha hadi kwenye friji. Chupa zilianguka ndani. Mama aliteleza hadi sakafuni, damu kwenye meno, na hapo ndipo alipofanya jambo lililomtia wazimu yule bwana: alicheka.

Binti alimrukia mgongoni. Alimng'ata sikio, akaning'inia nalo. Mifupa alizunguka mara mbili, akapiga kabati, akamkung'uta chini kama koti lililonyeshewa.

Kisha akatulia. Na mtu huyu akitulia ndipo ujiandae.

Alijifuta sikio. Alichuchumaa, akaushika mkono wa mama, akaugeuza huku na huku kama anavyogeuza paja la ng'ombe kabla hajajua pa kuanzia. Vidole vitatu vilikuwa vimeelekea kusikostahili. Dole gumba lilikuwa limesimama wima.

"Hili zima," alisema taratibu. "Asiyejua kuandika hubonyeza wino, na serikali inamshukuru. Vaa koti."

*

Njiani aliwafundisha cha kusema.

"Mkono umeliwa na mashine ya kupigia pasi mashuka, hotelini. Wewe ni dobi, nani atashangaa? Na wewe, kimya."

Huyu wa pili hakuhitaji kuambiwa. Baba yake mzazi ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno tangu jogoo mpaka kitanda. Miaka minne iliyopita habari ilifika nyumbani kwamba baba huyo amefunikwa na kifusi machimboni, wala mwili haukupatikana. Mleta habari alikuwa Mifupa. Mfariji alikuwa Mifupa. Mwaka haujaisha, mwoaji akawa Mifupa, na aliyekata tiketi tatu za kuja nchi hii ya watu ni huyo huyo. Tangu wavuke mpaka, Chiriku haimbi.

Ndani ya koti la Mifupa mlikuwa na kisu cha kazi, kifupi, chembamba, kile kinachoingia kwenye kiungo bila kuuliza njia. Alikiegemeza kwenye begi la shule la mtoto. Mama alikiona. Ndiyo maana walipompita askari wa barabarani alitazama chini kama mtu aliyepoteza sindano.

Ofisi ya usajili ilifunguliwa saa tatu. Mabenchi mawili, ubao wa matangazo, kaunta yenye kioo, na juu ya kaunta mhuri wa chuma wa kubonyeza, mzito kama jiwe la kusagia. Mlinzi mmoja, mzee mnene, alikuwa mlangoni akijaza fumbo la maneno gazetini. Karani alikuwa bibi mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo, mama," Mifupa alisema kwa sauti ya asali. "Tumekuja kumaliza lile jambo letu la jina."

"Marahaba. Mkono umefanya nini, dada?"

"Mashine," Mifupa alijibu.

"Nimemuuliza dada."

Mama alisikia begi la mtoto likikwaruzwa. "Mashine," alisema.

Bibi karani aliutazama ule mkono muda mrefu kuliko mashine inavyostahili. Kisha akasogeza kidau cha wino. Mama aliinua dole gumba. Mifupa alimshika kifundo "kumsaidia", akaubonyeza mkono mzima juu ya karatasi, vidole vilivyovunjika na vyote. Mama aliuma mdomo mpaka ukachanika.

Alama ikatoka. Nyeusi, safi, yenye duara zake zote.

Mifupa alipumua kama mtu aliyetua gunia. Hapo ndipo bibi alipofunua ukurasa wa pili.

"Sasa atabaki mtoto. Aingie chumba cha ndani, nimuulize peke yake."

"Kumuuliza nini? Mtoto chini ya miaka kumi na miwili haulizwi. Nimeisoma sheria yenu nukta kwa nukta."

"Umeisoma vizuri. Lakini huyu ana miaka kumi na miwili."

"Anatimiza Jumamosi!" Mifupa alipiga kaunta. Ndiyo, msomaji, hiyo ndiyo iliyokuwa haraka ya leo. Alikuwa akizihesabu siku kama mfungwa. "Jumamosi! Leo Jumanne. Mama yake huyu hapa, muulize!"

"Mimi siulizi mama, nauliza karatasi." Bibi aligeuza jalada. "Fomu yenu ya kuingia nchini. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto: Januari mosi. Amekuwa na miaka kumi na miwili kwa miezi minane sasa. Mwandiko huu wa nani?"

Ulikuwa wa Mifupa.

Siku ile mpakani foleni ilikuwa ndefu na cheti cha mtoto kilikuwa ndani ya sanduku la chini kabisa. Mifupa alikuwa na haraka. Ofisa alimwambia, kama hakumbuki siku aandike mwaka peke yake, wao watasoma Januari mosi kama wanavyosoma kwa kila asiye na cheti. Akaandika mwaka. "Siku hazina maana," alimwambia mkewe. Jengo wanalokaa, nusu ya wapangaji wamezaliwa Januari mosi. Mwaka mpya ukiingia hawajui wapongezane kwa lipi.

"Hata mimi ni Januari mosi," mlinzi alisema bila kuinua kichwa. "Sisi wote pacha, bwana. Mwache mtoto aingie."

Mifupa aliinama kumfunga Chiriku kifungo cha koti. Mdomo wake ulikuwa sikioni.

"Ukisema hapana," alinong'ona, "humkuti mama yako ukitoka."

*

Chumba cha ndani kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lenye nondo. Bibi alifunga mlango.

"Kaa, mjukuu wangu. Unajua kilichokuleta?"

"Najua."

"Unalitaka jina la huyu baba?"

"Nalitaka."

Upesi hivyo. Bibi alishika kalamu lakini hakuandika.

"Kwa nini?"

"Ni baba mzuri."

"Anakupeleka shule?"

"Ananipeleka. Ni baba mzuri."

"Na hiyo damu kwenye jino lako ni ya nani?"

Chiriku alifunga mdomo. Alipitisha ulimi ndani, akaionja. Alikuwa amesahau.

"Yake," alisema.

"Umemng'ata baba mzuri?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa akizoa takataka, koleo likikwaruza saruji. Mtoto alitazama mlango. Ukisema hapana, humkuti. Lakini ukisema ndiyo je? Ukisema ndiyo, mama anaondoka peke yake mikono mitupu, au haondoki, anabaki anavunjwa kidole kimoja kimoja mpaka viishe. Alikuwa na miaka kumi na moja na siku mia tatu sitini na moja, na hesabu yote hii alitakiwa aifanye mwenyewe.

"Bibi," alisema, sauti ndogo kama uzi. "Ana kisu. Usipige kelele. Ukipiga kelele atamchoma mama. Na vidole si mashine, ni mlango wa jikoni."

Bibi hakupiga kelele. Chini ya meza palikuwa na kitufe cha kuita polisi. Alikibonyeza kwa goti, akasimama, akanyoosha sketi, akafungua mlango kwa tabasamu la harusini, jicho moja likimkonyeza mlinzi.

"Mambo yamekwisha! Mtoto amekubali. Baba, sogea kaunta uchukue cheti chako."

Mifupa aliacha mkono wa mama. Alitembea hatua sita. Nyuma yake mlinzi alikunja gazeti, akalitia mfukoni, akafungua mikono kama anayemkaribisha ndugu.

Alimkumbatia kweli!

Patashika nguo kuchanika. Kiwiko cha Mifupa kilirudi nyuma, pua ya mlinzi ikapasuka. Kisu kikatoka. Kilipita kwenye mkono wa shati la mlinzi kama kinavyopita kwenye mafuta, na damu ikachora ukuta hadi ubao wa matangazo. Benchi likapinduka. Mlinzi hakuachia.

"Mzee, niachie nikupeleke kwa Mungu taratibu!"

"Nipeleke, mwanangu, lakini tunaongozana!"

Kisu kilipanda mara ya pili, juu, kikielekea shingoni.

Mama hakupiga kelele hapa pia. Mkono wa kulia ulikuwa haufai hata kushika kikombe. Ule wa kushoto, ule aliouchomoa mlangoni asubuhi, uliukamata mhuri wa chuma juu ya kaunta, ukauzungusha, ukauteremsha kwenye kifundo cha mkono wa Mifupa.

Kifundo kikavunjika. Kila mtu alisikia.

Kisu kilisereka chini ya benchi. Mlinzi alimwangusha Mifupa kifudifudi, akamkalia mgongoni kwa uzito wake wote, akafuta pua kwa gazeti.

"Sasa," alihema, "tungoje polisi kama watu wastaarabu."

*

Hadithi ingeishia hapo, watu wangepigana pambaja wakaenda hospitali. Lakini bibi karani alikuwa bado ameshika jalada, kidole kimebaki kwenye ukurasa mmoja.

"Dada, naomba unijibu jambo moja. Mumeo wa kwanza alifariki lini?"

"Miaka minne sasa." Mama alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja. "Kifusi. Machimboni."

"Nani alikwambia?"

Mama aliangalia chini, kwa mtu aliyekaliwa na mlinzi.

"Jina la mtoto halibadilishwi bila ridhaa ya baba, au cheti cha kifo chake," bibi alisema. "Huyu bwana ameleta cheti. Mimi nimekiona leo asubuhi. Ndiyo maana nilitaka nikae na mtoto peke yake. Tarehe ya kifo hapa si miaka minne." Alivua miwani. "Ni Jumapili iliyotangulia hii ya juzi. Siku tisa zilizopita. Na mahali ni hapa hapa mjini."

"Haiwezekani."

"Tangazo la kubadili jina tunalibandika ubaoni na kulitoa gazetini siku ishirini na moja, mwenye pingamizi ajitokeze. Jina la zamani la mtoto tunaliandika herufi kubwa. Ijumaa ile alikuja mwanamume, amebeba kipande cha gazeti. Akasema aliporudi kutoka machimboni aliambiwa mlimkimbia, na tangu hapo anawatafuta. Akaandika pingamizi. Akaweka na anwani ya alikofikia."

"Halafu?"

"Nakala ya pingamizi hutumwa kwa mwombaji. Ndio utaratibu." Bibi alifunga jalada. "Niliifunga bahasha mimi mwenyewe, dada. Na anwani yake ndani. Ilifika kwenu Jumamosi."

Ijumaa, pingamizi. Jumamosi, barua. Jumapili...

Mama aliikumbuka siku ile. Jumapili ile Mifupa alirudi saa kumi alasiri na aproni ya kazi imelowa kifuani hadi magotini. Alimrushia bafuni. "Zamu ya dharura," alisema. Mama aliifua. Kwa maji baridi, kwa sababu damu haifuliwi kwa maji moto, hushika. Alisugua, akasuuza, akaianika, ikatoka nyeupe hata yeye mwenyewe akaisifu.

Na kiwanda cha nyama hakifunguliwi Jumapili.

"Nimefua," mama alisema. Hakuwa akiongea na mtu. "Mikono yangu hii. Nimemfua mume wangu, nikamwanika kwenye kamba."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba utapewa na sabuni uzifue.

Chini ya mlinzi, Mifupa alianza kucheka. Damu ya sikio ilikuwa imemfikia mdomoni. "Ulifua vizuri, bibie. Sikuona hata doa. Na cheti nilikinunua bila mwili: aliyeandika pingamizi Ijumaa hawezi kufa miaka minne iliyopita."

Mama aliinua mhuri wa chuma. Safari hii haukuelekea kifundo. Ulielekea kisogo, na mlinzi mwenyewe aligeuza uso upande.

"Mama, usimuue! Baba hajafa!"

Ilikuwa sauti ya Chiriku, na ilikuwa kubwa. Tangu wavuke mpaka haijasikika hivyo.

"Baba hajafa! Alikuja uzioni shuleni Jumatatu ya wiki iliyopita, ameshika ubavu, anavuja damu. Akaniambia nisiseme, kwa sababu huyu akijua hakufa atakumalizia wewe. Anangoja kidonda kishike, aje kutuchukua. Akaniambia jina langu nilikazie. Kila siku nampelekea mkate wangu, Mama. Yuko stoo ya madawati mabovu, nyuma ya shule, kule ambako—"

Alijiziba mdomo. Amechelewa.

Chini ya mlinzi kicheko kilikuwa kimekatika. Mifupa alikuwa ametulia. Na tumeshasema, mtu huyu akitulia ndipo ujiandae.

"Stoo ya madawati," alirudia polepole, kama mtoto anayekariri somo, na mlinzi akainama kumsikia.

Kisogo chake kilirudi nyuma kwa nguvu zake zote, kikakutana na ile pua iliyovunjika. Mlinzi aliona nyota mchana. Uzito ulihama nusu dakika, nayo nusu dakika kwa mtu kama huyu ni wiki nzima. Mlango wa mbele ulipigwa teke, kioo kikamwagika barazani, na viatu vikasikika vikikimbia: si kuelekea nyumbani, si kuelekea stesheni. Kushoto. Barabara ya shule.

King'ora cha polisi kililia, mbali bado, kikitokea upande wa kulia.

"Dada, kaa hapo, wanakuja!" bibi alipiga kelele. "Una mkono mmoja!"

Mama alikuwa ameshapiga magoti. Alipeleka mkono chini ya benchi, akapapasa kwenye vumbi na damu ya mlinzi, akakipata. Kifupi. Chembamba. Mpini bado una joto la mwenyewe.

"Mmoja ndio niliubakiza kwa kazi hii," alisema.

Akakishika kwa wa kushoto, akapita penye kioo kilichovunjika, akakata kushoto.